Akina Mama, Tuisikilize Miguu ya Gari

"Sista, niteremsheni hapa. Afadhali nitembee."

Maneno hayo aliyasema mama mmoja tuliyekuwa tukimrudisha nyumbani mwezi wa Mei, mwaka 2022. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku chache kabla, na mtoto wake mchanga alikuwa amelala mikononi mwa mwenzetu. Tulikuwa ndani ya basi dogo la kanisa, katika milima ya Usambara, tukitoka upande wa Lushoto kwenda kijijini kwake, jirani na Soni. Barabara ilikuwa ya udongo, nayo mvua za masika zilikuwa zimeichimba vibaya. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, gari liliruka, likatua, likaruka tena. Mama yule alikishika kidonda chake kwa mikono miwili na kufumba macho.

Sisi tuliofuatana naye tulikuwa wauguzi wawili tunaojitolea kuwahudumia wagonjwa wa usharika wetu. Tulimfunga kanga tumboni, tukamwekea mto, tukamwomba dereva apunguze mwendo. Lakini mioyoni mwetu tulijua jambo moja ambalo hatukulisema. Kelele ile ya "ko-ko-ko" iliyotoka chini, upande wa mbele kushoto, haikuwa mpya. Tulikuwa tumeisikia kwa muda wa wiki tatu.

Mmoja wetu alidhani ni jeki iliyolegea chini ya kiti. Mwingine alimwuliza dereva, naye akajibu kwa heshima, "Ni barabara, mama zangu." Basi tukanyamaza. Tulijiambia kwamba mambo ya gari yana wenyewe, na kwamba mwenye usukani ndiye ajuaye. Isitoshe, kila safari tulikuwa tumeomba Mungu atulinde kabla ya kuondoka.

Tulimfikisha mama yule kwake salama, ingawa kwa maumivu. Mpango wa siku hiyo ulikuwa kuendelea hadi Mombo tukawachukue watoto 14 wa shule ya Jumapili waliokuwa wakirudi kutoka Korogwe. Wenye kuijua barabara ya kutoka Soni kushuka Mombo wanajua ilivyo: kona baada ya kona, upande mmoja jabali na upande mwingine bonde. Tulipofika Soni, tulimwomba dereva asimame kwanza kwa fundi.

Fundi, mzee mwenye maneno machache, aliinua gurudumu la mbele kushoto, akaweka stendi imara chini ya gari, kisha akalishika gurudumu kwa juu na kwa chini na kulitikisa. Gurudumu lilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Alimulika tochi, akatuita tuone. "Mama zangu, boljointi imekwisha. Mpira wake ulichanika zamani, grisi imetoka, mchanga umeingia. Mngeshuka Mombo na hii..." Sentensi hiyo hakuimaliza, na wala hatukumwomba aimalize.

Siku ile watoto walikodiwa gari jingine, wakafika nyumbani usiku. Wazee wa kanisa walinung'unikia gharama. Sisi tulikuwa na aibu ya namna nyingine. Kila siku hospitalini tunawauliza wagonjwa, "Maumivu haya yalianza lini?" na wakijibu kwamba yana wiki tatu, tunawakemea kwa kuchelewa. Na sisi tulikuwa tumechelewa vivyo hivyo, tena tukiwa na watoto wa watu.

Ndiyo maana tumeona vema kuwaandikia wenzetu. Sisi si mafundi. Lakini tangu siku ile tumeuliza, tumejifunza, na tumegundua kwamba mama anayekaa kiti cha nyuma na watoto, bila kushughulika na usukani, mara nyingi ndiye wa kwanza kusikia gari linapougua.

MIGUU YA GARI NI NINI?

Mafundi wetu huita "miguu" vile vyote vinavyounganisha magurudumu na mwili wa gari. Vipo vingi, lakini mama akivifahamu vichache atamwelewa fundi anaposema.

Kwanza ni springi. Hizi ndizo zinazobeba uzito. Gari dogo kama Toyota Corolla lina springi zilizosokotwa kwa mviringo, mfano wa ile iliyo ndani ya kalamu ya kubonyeza. Mabasi madogo kama Toyota HiAce, na pikapu nyingi, kwa nyuma yana springi bapa, yaani vipande virefu vya chuma vilivyolazwa kimoja juu ya kingine.

Pili ni shokapu. Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari, kumbe sivyo. Springi ikisukumwa hurudi, na ikiachwa peke yake itaendelea kupanda na kushuka. Shokapu ndiyo inayoituliza. Ndani yake mna oili na pistoni yenye matundu madogo. Mwuguzi yeyote ataelewa haraka: chukua bomba la sindano lililojaa maji, lenye sindano nyembamba, ujaribu kulisukuma kwa nguvu. Maji hukataa kupita upesi. Vivyo hivyo oili hupita kwa shida katika matundu yale, na mruko wa gari hupungua nguvu. Kwa hiyo shokapu ikivuja au ikichakaa, gari hubaki linadunda kama mpira.

Tatu ni viungo vyenyewe. Boljointi ni kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe, sawasawa na mfupa wa paja unavyokaa katika nyonga. Huliwezesha gurudumu kupanda, kushuka na kukata kona. Bushi ni mipira iliyowekwa kati ya chuma na chuma ili visisagane, kama gegedu katika magoti yetu. Tairodi nazo hupeleka amri ya usukani kwenye magurudumu.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatukulijua. Miguu ya gari haikuwekwa kwa ajili ya starehe tu. Kazi yake kubwa ni kuyashikilia matairi yaendelee kugusa barabara. Tairi lililoruka hewani haliwezi kufunga breki wala kufuata usukani. Kwa hiyo gari lenye shokapu mbovu hukawia kusimama hata kama breki zake ni mpya. Mtoto akikatiza barabara mbele yako, kuchelewa huko kunatosha kuleta msiba.

DALILI AMBAZO MAMA ANAWEZA KUZITAMBUA

Mgonjwa asiyeweza kusema tunamtazama. Gari nalo hutoa dalili.

Likipita tuta likaendelea kunesa mara mbili au tatu baada ya kulivuka, zishukuni shokapu. Likiinamisha pua sana dereva anapofunga breki, au likilala upande mno katika kona, shukuni hizo hizo. Likigonga "ko-ko-ko" katika mashimo madogo kwa mwendo wa polepole, huenda ni bushi au boljointi. Likivuta upande mmoja katika barabara iliyonyooka, au usukani ukitetemeka, huenda ni upepo wa matairi, alaimenti, au kiungo kilicholegea. Na likisimama mahali tambarare huku kona moja imeinama, springi ya hapo imechoka au imevunjika.

Angalieni pia watoto. Mtoto asiyekuwa na desturi ya kutapika garini, akianza kutapika kila safari, zipo sababu nyingi, lakini gari linalonesa kupita kiasi ni mojawapo ya kuchunguzwa.

UPIMAJI WA DAKIKA KUMI NYUMBANI

Jumamosi moja kila mwezi, gari likiwa limesimama mahali tambarare, limezimwa na kufungwa breki ya mkono, mama anaweza kufanya haya bila kuchafua nguo.

1. Kandamizeni kona moja ya gari kwa uzito wa mwili, juu ya bampa, kisha achieni. Gari zima hupanda mara moja na kutulia. Likiendelea kunesa, shokapu ya kona hiyo imechoka. Fanyeni hivyo kona zote nne. Lakini kumbukeni kwamba kipimo hiki hugundua zile zilizochoka sana tu, na magari mazito hayakandamiziki kwa mikono.

2. Chukueni futi ya kushonea. Pimeni kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, kushoto na kulia. Gari liwe halina mzigo na matairi yawe na upepo sawa. Vipimo vya mbele vilingane, na vya nyuma vilingane. Tofauti ikifika sentimita 2 au zaidi, mwulizeni fundi.

3. Pitisheni kiganja taratibu juu ya tairi, mkiangalia msijichome kwa waya au msumari. Tairi lililolika kwa mabonde na vilima huashiria shokapu mbovu, au tairi lisilofanyiwa balansi. Lililolika upande mmoja tu huashiria alaimenti au kiungo kilichochoka.

4. Mulikeni tochi nyuma ya kila gurudumu. Shokapu iliyolowa oili na kunasa vumbi jingi inavuja. Mpira wa boljointi uliochanika ni kama bandeji iliyofunguka: uchafu utaingia, na ugonjwa utafuata.

Onyo moja kubwa. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, awe baba, awe fundi, awe kijana wenu wa nyumbani. Jeki huteleza. Stendi imara ni lazima, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe au magogo.

MKIFIKA KWA FUNDI

Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Mwambieni dalili kama mnavyomweleza daktari: sauti iko upande gani, inatokea wakati gani, ilianza lini. Msimwambie tu, "Badilisha shokapu." Mtu asiyepima akaandika dawa tunamwitaje?

Aliinue gurudumu na kulitikisa. Likicheza kwa juu na chini, ni beringi au boljointi. Likicheza kwa kushoto na kulia, aghalabu ni tairodi. Bushi hupimwa kwa kuzisukuma kwa mtaimbo mdogo na kutazama kama mpira umepasuka. Ombeni awaonyeshe kwa macho yenu.

Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, za mbele zote au za nyuma zote. Ukiweka mpya kushoto na kuacha kuukuu kulia, gari litakuwa kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja. Mafundi wengi hushauri zikaguliwe kila kilomita 20,000, na kwa barabara za mashimo zitazamwe mapema zaidi. Jihadharini na shokapu za mtumba. Huenda zimetolewa katika gari jingine kwa sababu hiyo hiyo inayowasumbua ninyi.

Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hujisokota gari linaposhushwa, na hupasuka kabla ya wakati wake.

Springi iliyosokotwa isifunguliwe bila klampu zake za kubania. Ina nguvu nyingi iliyofungiwa ndani, na ikichomoka inaweza kuua. Mkimwona fundi anaifunga kwa waya au kamba, ondokeni hapo pamoja na gari lenu.

Springi bapa iliyovunjika isichomelewe. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma chake, nayo itavunjika tena, pengine mahali pabaya zaidi. Bapa libadilishwe. Baada ya hapo bolti zake zikazwe tena gari likishafanya kazi siku chache, kwa kuwa hulegea zinapojikalisha.

Mwisho, boljointi, tairodi au mikono ya gurudumu ikishaguswa, gari lipelekwe kupimwa alaimenti. Kuacha hatua hiyo ni kununua matairi mapya bila kupenda.

KIPI KISUBIRI, KIPI KISISUBIRI?

Fedha ya nyumbani ina madai mengi: ada, mbolea, chakula, michango. Hatuwezi kusema kila kitu kifanywe leo. Hospitalini tunapopokea majeruhi wengi kwa pamoja, hatumhudumii kwanza anayepiga kelele zaidi. Tunamhudumia kwanza yule ambaye roho yake iko hatarini. Gari nalo lipangiwe hivyo.

Boljointi au tairodi inayocheza, springi iliyovunjika, na beringi iliyolegea havisubiri hata safari moja. Kiungo kikichomoka, gurudumu hulala na usukani haufanyi kazi tena. Gari lisimame, hata kama mtakwenda kanisani kwa miguu mwezi mzima.

Shokapu zilizochoka zipangiwe haraka, na wakati mnatafuta fedha mwendo upunguzwe na mzigo upungue. Bushi ndogo yenye nyufa tu inaweza kungojea mwezi ujao, mradi fundi ameitazama na mmeandika.

Tunasema mmeandika kwa sababu daftari ni dawa. Sisi tulianza daftari la shule la kawaida. Kila ukurasa una tarehe, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, kilichokaguliwa, kilichobadilishwa, na jina la duka kilikonunuliwa. Tulianza pia kutenga kiasi kidogo kila mwezi kwa ajili ya miguu ya gari. Kwa kuwa fedha ipo kabla ya ubovu, manung'uniko yamepungua. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KINGA NI BORA

Upepo wa matairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko, ambacho kwa kawaida kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mzigo usizidi. Magunia juu ya keria huchosha springi na kulifanya gari lipinduke kwa urahisi. Mzigo mzito ukae chini, karibu na katikati.

Dereva afunge breki kabla ya shimo, kisha aachie gurudumu lipite huru. Kufunga breki ndani ya shimo huinamisha gari mbele na kulitia gurudumu kishindo kikubwa zaidi. Matuta yavukwe taratibu na magurudumu yakiwa sawa. Baada ya safari ya matope, gari lioshwe na chini pia, maana tope huficha nyufa na kula chuma. Magari yenye nipeli yapigwe grisi kwa ratiba yake.

NAMNA YA KUSEMA NYUMBANI

Hapa ndipo penye ugumu kwa wengi wetu. Mwenzetu mmoja alituambia kwamba alisikia gari lao likigonga kwa miezi miwili, lakini aliogopa kumwambia mumewe asije akaambiwa, "Mwanamke na gari wapi na wapi?" Tunamwelewa. Sisi wenyewe tulinyamazishwa na kijana anayetuita mama zake.

Tumejifunza kwamba neno linasikilizwa likisemwa kwa wakati wake. Si katikati ya safari, mbele ya wageni, wala kwa kulaumu uendeshaji. Jioni, baada ya chakula, mama aweza kusema, "Baba, leo tulipokuwa tunavuka daraja, mimi na watoto tulisikia kitu kinagonga mbele kushoto. Naomba kesho tupitie kwa fundi kabla ya safari." Amesema alichosikia, mahali kilipotokea, na anachoomba. Baba mwenye upendo hataona amedharauliwa. Na akina baba nao tunawaomba: mkeo akisema amesikia, usimjibu "ni barabara" kabla hujainama na kutazama.

Kuhusu sala, hatujaacha kuomba kabla ya safari, wala hatutaacha. Lakini tumeona kwamba kumwomba Mungu ailinde boljointi tuliyokwisha kuisikia ikilia kulikuwa kukwepa kazi aliyotupa sisi wenyewe. Masikio tuliyokuwa nayo yalikuwa sehemu ya ulinzi wake.

Basi letu lilibadilishwa boljointi mbili za mbele na shokapu zote nne, kidogo kidogo, kwa michango ya miezi mitatu. Boljointi zilitangulia, kabla hazijafungwa, gari halikutoka. Mwezi wa Septemba mwaka huo tulipita tena kijiji kile tukielekea kliniki ya watoto, na yule mama alikuwa kando ya barabara na mwanawe mgongoni. Alisita kidogo kabla ya kupanda. Barabara ilikuwa na mashimo yale yale. Tulipotazama nyuma baada ya dakika ishirini, mama na mtoto walikuwa wamelala usingizi.

Siku hizi, kabla ya kuondoka, dereva wetu hugeuka na kuuliza, "Akina mama huko nyuma, mara ya mwisho mlisikia nini?" Nasi tunamjibu. Nawe, mama mwenzetu, safari ijayo zima redio kwa dakika tano tu, uwaombe watoto wanyamaze, na usikilize.